Hesabu ya Shomoro

Ufunguo wa sanduku la parokia
Enid Sleight huuweka katika kopo la biskuti,
chini ya biskuti.
Hufukua, hula moja kwanza, ndipo anipe.
"Usilambe kidole ukifunua kurasa," ananionya,
kana kwamba mimi ni mtoto wa kipaimara,
mimi niliyesambaza barua miaka thelathini na mmoja
toka mlango wa kanisa la Ketterby hadi shamba la mwisho kinamasini,
niliyewajua mbwa wote kwa majina na kwa meno.

Sasa natafuta anwani za waliokufa.
Hakuna anayebweka.

Sakristia inanuka nta na mvua ya juzi.
Mwandiko wa karani umelala upande
kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe,
wino umefifia, chai ya majani yaliyochemshwa mara mbili,
na mwaka 1794 panya wameula wote
isipokuwa Agosti.
Mwaka ule, basi, Ketterby walizaliwa Agosti tu,
wakaoana Agosti, wakazikwa Agosti,
na mavuno nani aliyavuna sijui.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa wa akina Mumby.
Ubatizo: hakuna Mumby.
Ndoa: hakuna.
Maziko: "mgeni, mwanamume, alikutwa njiani,"
na nafasi ya jina, nyeupe, pana,
kama walidhani atarudi kuijaza.

Ndipo nikafungua kitabu asichokiuliza mtu,
cha mapato na matumizi.

*Kamba ya kengele, shilingi tatu.*
*Kalunguyeye watano, peni kumi.*
*Kwa kijana Jabez Mumby, shomoro dazeni mbili, peni nne.*

Nikavua miwani. Nikaivaa tena.

Hivyo ndivyo aliingia duniani babu yetu,
si kwa maji ya ubatizo,
kwa vichwa vya shomoro ishirini na vinne
alivyovipanga juu ya ukuta wa kanisa,
mtu mzima akisimama karibu asije akahesabu mara mbili.
Peni nne.
Labda mkate. Labda mama yake alimwambia, kesho lete tatu.

Ukurasa wa pili, Februari:

*Farasi na mkokoteni, kumwondoa mjane Mumby,*
*mwenye mimba, pamoja na mwanawe, hadi mpakani,*
*asije akajifungulia kwetu: shilingi mbili na nusu.*
*Bia ya mwenye mkokoteni, peni tatu.*

Bia imeandikwa kwa uangalifu uleule.

Na chini, sahihi yenye mkia mrefu:
Obadiah Sleight, msimamizi wa maskini.

Niliisoma kama barua iliyopotea mtaa.
Mama yangu alizaliwa Sleight.
Obadiah namjua, nimemchora mwenyewe
kwenye mti wa ukoo, juu kulia, kwa kalamu ya kijani;
jiwe lake liko lango la kusini,
"Rafiki wa Maskini," na malaika mnene.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Hawakusema damu ya nani.
Yangu ina aliyetia sahihi,
na ina aliyeketi nyuma juu ya majani makavu
akishika tumbo kila gurudumu lilipoingia shimoni.
Baba na mama walikutana kwenye mnada wa kondoo.
Hakuna aliyewaambia.

Enid akaleta chai, pua yake ni yangu.
"Umempata mtu wako?"
"Nimewapata wote wawili."
Akatazama ukurasa, kisha dirisha.
"Basi kula biskuti," akasema,
akalisukuma kopo zima upande wangu.

Jioni nilifika kijitoni, penye mpaka.
Nimelivuka daraja lile kwa baiskeli ya posta
bila hata kupunguza mwendo.
Leo nilishuka.
Maji yalikuwa haba, yangefika kwenye vifundo tu;
mtoto angeruka.

Kwenye uzio, upande wa pili, walikuwa shomoro sita.
Niliwahesabu,
nikawahesabu tena.
Sikumwambia mtu.