Mashimo Saba

Januari, Henriikka alitufungulia kundi la ujumbe,
akaliita Kazi Maalumu, akalipamba kwa picha za moto.
Kufikia usiku mapendekezo yalikuwa kumi na tisa:
basi la waridi lenye taa na spika,
mwanamume wa kuvua shati, malipo kwa saa,
bibi harusi avalishwe ukuku, auze mabusu
euro moja moja sokoni Kuopio, mbele ya wauza mkate.
Roosa akaandika: lazima aaibike kidogo, ndiyo mila.
Nikaandika: sawa.
Kisha nikaifuta sawa yangu.

Nani amemuuliza? Hairuhusiwi kumuuliza.
Atatekwa alfajiri, kitambaa machoni,
ndivyo tufanyavyo huku kwetu,
makungwi sita tusio na la kumfunza,
na rafiki wa kweli ni yule ajuaye bila kuambiwa.
Basi nikajihoji mwenyewe: Saana namjua?

Namjua tangu darasa la pili.
Hupokea simu za dharura, zamu za usiku kucha:
moto, damu, mtoto aliyemeza betri,
mzee anayerudia tu haamki, haamki,
naye na sauti ileile, maji ya mtungini:
Niambie uko wapi. Nipo hapa. Usikate.
Akitoka kazini haizimi redio ya gari
kwa sababu haiwashi.
Alipotimiza thelathini tulijificha gizani
tukampigia ukelele wa hongera.
Alicheka meno tu.
Mkono wake ulikuwa ukipapasa ukuta, ukitafuta swichi.

Nikampigia Jouni, mchumba wake.
"Anapenda samaki," akasema.
Nikafikiria mgahawa, meza kando ya dirisha.
"Hapana," akasema. "Kuwangoja."

Lo, kundi likawaka moto wa kweli!
Sherehe ya kukaa kimya juu ya barafu?
Henriikka: hiyo ni jela, tofauti ni kofia.
Pinja: na basi? Amana tumeshalipa.
Siku mbili hakuna aliyenijibu.
Aliyetuokoa ni mama mkwe mtarajiwa, Marjatta,
aliyeleta keekee ya barafu, vigoda saba,
na chupa ya kahawa yenye urefu wa mtoto wa miaka miwili.
"Mimi ningeolewa tena kwa siku kama hiyo," alisema,
"hata kwa baba yake yuleyule."

Tulimteka Jumamosi, mwezi wa tatu,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Garini alikaa mkakamavu kama ufagio.
"Niambieni tuko wapi," akasema,
kwa sauti ile ya kazini,
na Roosa, aliyebeba shela ya plastiki mapajani,
akaacha kuchekacheka.

Tukamfungua kitambaa.
Ziwa, jeupe hadi mwisho wa macho.
Mashimo saba, meusi, yamepangwa upinde.
Hakusema neno. Nilihesabu pumzi zangu zikitoka moshi.
Kisha akapiga magoti kwenye shimo la tatu,
akaingiza mkono mpaka kiwiko:
"Hili nani kalitoboa? Limekwenda upande."
Ni mimi.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Kile hakikuwa nacho. Kilikuwa kimya tu,
na theluji ikijikaza chini ya vigoda,
na Henriikka akivuta kamasi kwa heshima.
Saa ya tatu, Roosa akanasa sangara
mdogo kama kalamu ya rangi ya mdomo,
akapiga yowe lililofika ng'ambo.
Sote tukamfanyia shh!
Saana akaangua kicheko, akainama, akashika mbavu.
Nikaitazama mikono yake.
Ilikuwa kwenye mbavu. Haikutafuta kitu.

Shela tulimvalisha wakati wa kahawa,
juu ya kofia ya manyoya; aliisahau hadi nyumbani.

Amana ya basi haikurudi.
Henriikka bado huitaja.