Kumi na Moja

Miaka thelathini na mmoja nilisimama stesheni ya Choir
nikiinua bendera, nikishusha bendera,
na hakuna treni hata moja iliyonipita sijaiona.
Kwa hiyo siku ile mjukuu aliponigonga kushoto, na bakuli la maziwa mkononi,
nilimfokea yeye.
Zulia likanywa maziwa.
Mtoto alikuwa amesimama palepale muda wote.

Presha ya macho, wakasema Ulaanbaatar.
Nikawaambia presha ninayo, ya moyo, vidonge vyake hivi hapa.
Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.
Jicho la kulia: thelathini na nane.
La kushoto hawakulizungumza sana.
Matone ya asubuhi, matone ya jioni, matone ya kuchoma;
namba ikashuka mbili, ikapanda tatu,
kama muuza ngozi asiyetaka kuuza.

Ndipo binti yangu Ariunzul,
anayepanga vipodozi kwenye maboksi huko Ansan,
akafanya zamu za usiku miezi minane, akanikatia tiketi.
Nilimbebea jibini kavu. Incheon wakalichukua.

Nilidhani upofu ni giza.
Uongo. Giza ungeliona.
Pale palipokufa hapana weusi, hapana ukungu,
ubongo unatia kiraka
cha ukuta uleule, cha anga ileile,
na mshono huuoni.

Daktari Noh alichora jicho juu ya karatasi ya kufutia mikono:
maji yanaingia hapa, yatoke hapa, mlango umeziba.
Nitakuchimbia mfereji, alisema kwa kinywa cha simu
iliyogeuza Kikorea chake kuwa Kimongolia
cha mtangazaji wa hali ya hewa.
Nikauliza: na upande uliopotea?
Simu ikanyamaza. Na yeye.
Kisha ile sauti ya mvua na jua: Tunalinda kilichobaki.

Nilijua. Maji yakimwagika hayazoleki.
Ila nilikuwa nimekuja na ndoo.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi ya kwetu, ya Novemba; nikatulia.
Shuka la kijani usoni, tundu moja la kutokezea jicho.
Kisu sikukihisi. Nilihisi mkono shavuni, mwepesi,
na taa tatu zikawa moja, na ile moja ikawa maji.

Wakalifunika la kulia, lile lenye kuona.
Likabaki la kushoto, linalojua tu kwamba kuna taa.
Lala chali. Usiiname. Usipige chafya. Hata birika usinyanyue.

Kitanda cha pili, Bibi Boksun, mgonjwa wa mtoto wa jicho,
alimenya pea. Nilisikia ganda likianguka kwenye sahani.
Akanitia kipande mkononi: hana.
Kingine: dul. Set.
Nikirudia vibaya, ananirudisha nyuma, kipande hakiji.
Tulifika kumi, tukavuka,
yolhana, yoldul,
pea ikaisha, akanifuta vidole kimoja kimoja
kama vya mtoto aliyekula uji.

Asubuhi walibandua.
Taa ya buluu ikanijia usoni polepole,
kama kichwa cha garimoshi kinachoomba njia,
na mkono wangu ukainuka wenyewe, wa kazi ya zamani.
Muuguzi akaushusha.
Daktari akasoma: Yolhana.

Kabla simu haijafungua mdomo nilikuwa nimeelewa.
Kile kipande kilichofuata kumi.

Sasa chini ya kope la juu nina lengelenge dogo;
maji yanakusanyika humo, mwili unayanywa taratibu.
Nilimuuliza Noh, basi nitakuwa nalia ndani kwa ndani?
Akasema hayo si machozi, ni maji mengine.
Haya.

Alhamisi narudi, huenda wakakata uzi mmoja.
Deni la zamu za usiku halijaisha.
Jukwaani Ansan nilimwambia Ariunzul, simama kulia kwangu.
Treni ikaingia, kijani mbele yake, niliiona kijani.
Nikamwambia hapana,
simama popote. Nitageuza shingo.