Safu ya Tatu

Kila Januari, hapa Leominster, napiga simu
kuhakiki daftari: ndege mia mbili na kumi na moja,
mabawa ya mbao na turubai,
nyingi zimenizidi umri.

Nauliza namba ya mkiani, jina la mwenyewe,
inaruka au hairuki.

Leo nimempigia Tudor Prosser.
Kapokea mkewe.
"Tumemzika Novemba. Ndege iko bandani,
kuku wanataga kwenye kiti cha rubani."

Nikanyamaza, kalamu mkononi.

"Lakini usimfute," kasema.
"Kila Jumapili nashika pangaboi,
naizungusha injini mara nne,
isije ikasahau."

Jina nimeliacha lilivyo.
Safu ya tatu nimeandika:
hairuki, kwa sasa.