Wimbi-mwitu

Mama mkwe wangu, Asekenye, alinifundisha kupalilia
kwa kunigonga vidole na mpini wa jembe.
"Mche uliong'oa ulikuwa wetu.
Huu uliouacha ni wa mwituni."
Nikaitazama miche miwili: majani yale yale,
shina bapa lile lile, limelala ubavu.
Hata mbuzi wa Ngora wasingebishana.

"Subiri itoe vidole," alisema.
"Wa nyumbani hukunja ngumi, hushika mbegu zake
mpaka kisu kije.
Wa mwituni una vidole vyembamba na kiganja wazi,
ukiugusa kwa upindo wa gauni tu
umeshamwaga, zimeshaingia nyufani.
Haumngoji mtu."

Redioni niliwahi kusikia wimbi ni maji yanayoinuka.
Huku kwetu wimbi huinuka likafika kiunoni,
kisha tunalila.

Nilimwuliza, basi kwa nini kule kwenye kichuguu
unauacha ukue, miaka yote,
wewe usiyesamehe hata jani la sangari?
Alimaliza mstari. Akaanza mwingine. Ndipo akasema:

"Mwaka ule walipochukua ng'ombe,
plau ilibaki imeegemea ghala
kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.
Ghala lenyewe, panya walishalihama.
Nikashika ufagio.
Nikafagia njia ya kisimani,
chini ya nyasi hizi unazozitukana,
vumbi na mbegu, mbegu na vumbi,
nikapepeta hadi kope zikawa nyekundu.
Kutwa nzima, kikombe kimoja.
Okiria alikuwa na miaka miwili.
Akanywa uji wenye mchanga,
akanyamaza."

Okiria ndiye mume wangu.
Anabeba magunia mawili ya muhogo bila kuguna
na usiku husaga meno.
Nilikuwa nikimsukuma ageuke.
Siku hizi namwacha asage.

Asekenye tulimzika Februari, kabla ya mvua za kwanza.
Jembe lake ni jepesi kuliko nilivyodhani,
mpini umeliwa na kiganja, upande mmoja.

Jana alikuja afisa wa kilimo na pikipiki yake.
Akasifu mistari, akahesabu vichipukizi,
kisha akanyoosha kalamu kwenye kichuguu:
"Magugu yale yatakuharibia mbegu, mama. Yang'oe."
Nikasema ndiyo, ni kweli, yataharibu.
Nikampa maji, akanywa akiwa amesimama.
Nikangoja vumbi la pikipiki litue.

Kisha nikapalilia mpaka kwenye kichuguu,
nikakizunguka,
jembe begani.