Saba Mlalo

Asubuhi mashine ya fotokopi inakohoa kwanza,
dakika nne hadi ipate joto,
na dakika hizo nne zilikuwa za Ndahani Chilewa,
karani wa mahakama, suruali ya kaki imepigwa pasi,
gazeti limekunjwa ukurasa wa kumi na sita juu,
penseli sikioni.

Hakuamkia. Alisema:
"Habari zimevurugika; Dodoma hatuna. Herufi sita."
Nikasema maji. Akacheka: "Maji ni nne,
na tunayo, Jumanne na Ijumaa.
Vurugu ni amri, Sechelela. Ukiiona,
mshike neno jirani yake, umvunjevunje."
Nikaandika h-a-b-a-r-i nyuma ya risiti,
nikazihamisha kama viti vya msibani,
na hapo Makole, vumbi jekundu mlangoni,
bahari ikafika.

Alinifundisha hivyo: kila dokezo lina nusu mbili,
moja inasema kweli, ya pili inasema kweli zaidi,
uongo umejificha kwenye mkato.

"Keti. Lina moto. Linatembea upande."
Kaa tu. Mara tatu, kaa.
"Za bibi, ila wa mwisho amelewa." Hiyo nilimtangulia:
zabibi, i imeyumba ikawa u,
na nani hapa hajui shamba la bibi linaishia chupani?

Mtunzi hujiita Nungunungu. Hatukumjua.
Ndahani alidai ni mwalimu wa jiografia, Kondoa,
kwa jinsi anavyopenda mito iliyokauka.
Mimi nadhani ni mtu mwenye deni.
Nani mwingine angeandika
"Mpagazi wa sokoni: mali imo ndani yake, mfukoni haimo"?
Hamali. Ondoa ha, uone.
Siku hiyo Masinga alipita na gunia la uwele,
nikaziona herufi nne zimembana kifuani.

Halafu ile saba mlalo.
"Lima kwa vurugu, magari yapite. Nne."
Alijua kabla sijamaliza kusoma. Hakuandika.
Baba yake alikuwa na ekari tatu za mtama, upande wa Mtumba.
Vikaja vigingi vyenye vichwa vyekundu,
akaja mthamini, zikaja fomu
(nilizitoa kopi mimi, nakala tano, mia mia).
Ndahani alichana karatasi iliyoharibika,
akaandika herufi moja moja, akazipanga kaunta.
Lima.
Mali: hiyo ndiyo waliyoahidiwa.
Mila: babu amezikwa humo humo, karibu na zizi.
Imla: mzee akiandikishwa asichokisoma.
Kisha akazisogeza mara ya mwisho, kwa kucha,
lami.
"Hazikuongezeka," akasema. "Wala hazikupungua.
Nungunungu hajaiba kitu."
Mashine ikawa tayari. Kijana mmoja akataka
kitambulisho, mbele na nyuma.

Januari wakamhamishia Manyoni.
Gazeti nanunua mwenyewe, naanzia wima,
nakosea. Jana nilitafuta bati, nikatafuta tembe,
kumbe limekimbilia porini: paa.
Majibu hutoka kesho yake, kichwa chini miguu juu,
na ya juzi yalifungiwa maandazi,
mafuta yakala kona nzima.

Leo imebaki moja, kumi na tatu wima.
"Upo, kwa sharti; na upweke, bila sharti. Tano."
U ninayo. A ya mwisho ninayo.
Katikati kuna ile ki waliyotuchapia darasa la sita.
Ningemweleza mimi, safari hii:
tazama, hivi ndivyo mtu anavyokuwepo,
na hivi ndivyo nyumba inavyobaki,
neno ni lile lile, hakuna hata cha kuvuruga.

Penseli iko sikioni. Siijazi.
Mashine bado inakohoa,
dakika tatu.