Kipupwe, Sharja

Gari la sitini na moja limetoka nchi ya theluji.
Sikuambiwa. Nililala chini yake nikaona mwenyewe:
tumbo limeliwa na kutu, ile chumvi
wanayomwaga barabarani barafu isiwaangushe.
Juu rangi ya maziwa, inang'aa. Kama watu wengine.

Kazi yangu ni kumfuta mtu aliyekuwa humu.
Risiti, vijiti vya kulia, hirizi ya kitambaa chekundu kiooni,
glovu moja ya mtoto, ya kushoto,
vyote ndani ya ndoo. Haji Liyakati hataki
mteja wa Dar anunue gari lenye mwenyewe.

Lakini redio ni ya kaseti,
na kaseti imo, ulimi nje kidogo
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi akisema jambo.
Nikaisukuma.

Kinanda kwanza, gitaa linatetemeka nyuma yake,
kisha mwanamke, sauti ya chini,
ya mtu anayeongea na kitasa cha mlango.

Nikamwita Maricel wa ofisini,
aliyekaa Nagoya miaka sita akifunga maboksi ya samaki.
Akaingia, akavuta mlango. Washa kiyoyozi, akasema.
Nikawasha. Mwisho. Mwisho kabisa.
Nje digrii arobaini na sita, lami inanata kwenye kandambili;
ndani sisi wawili tunachoma petroli ya tajiri
kununua baridi ya kusikilizia.

"Anasema machungwa yapo mezani,
hajayamenya, anangoja mikono mingine.
Anasema basi la mwisho limepita bila kupunguza mwendo.
Anasema theluji haina kishindo, ndiyo maana
hajui kama kuna miguu iliyofika mlangoni ikarudi."
Akanyamaza, akatazama dashibodi.
"Za baridi zote ndivyo zilivyo. Kiwandani
walianza kuzipiga Novemba. Bibi wa mashine ya pili
alikuwa akilia huku anapima kamba.
Nikadhani analilia mume. Kumbe mume yupo nyumbani, mzima,
anaulilia mwaka ule wimbo ulipotoka."

Mimi lugha siijui. Nilihesabu.
Nimelelewa na babu mtunga mashairi, kidole changu hakitulii:
saba, akapumua. Tano.
Saba. Tano.
Babu angepiga meza: guni! Nane ziko wapi?
Nikarudisha kaseti nyuma, nikahesabu tena juu ya goti.
Ile mizani moja haikupotea, babu.
Ameiacha wazi kama dirisha,
na baridi inaingilia hapo.

Ni Agosti. Lushoto sasa kipupwe:
mama amejifunga kanga juu ya sweta,
magunzi yanatoa moshi kuliko moto,
ukungu umekalia kabichi hadi saa nne
na ng'ombe anapumua mvuke kama birika.
Kwa kalenda yetu mwanamke huyu hakukosea msimu.
Ni hapa palipokosea.
Niliaga miaka mitano. Huu ni wa saba.

Haji akagonga kioo kwa pete yake.
Tukashuka, kila mtu na mlango wake.
Mnafanya nini humu?
Najaribu kiyoyozi, Haji.
Kinafanya kazi?
Sana.

Jioni nilimwaga ndoo pipani. Glovu nikaitia mfukoni,
sijui kwa nini; haiingii hata vidole vyangu viwili.
Kaseti nikaisukuma ndani mpaka ulimi ukazama.

Meli ni Jumatano. Huko Kariakoo kuna mtu
atakayewasha gari lake jipya, foleni mbele, foleni nyuma,
na mwanamke ataanza kumweleza habari za machungwa.
Atashtuka. Atatafuta kitufe cha kumzima.
Namwombea asikipate
kabla ya ubeti wa pili.