Ndara za Mbele

Usukani ulikwenda kushoto.
Trekta ikakataa,
ikateleza vilevile, koleo kifuani,
hadi kwenye sanduku la barua la Tauno.

Lempi akazima injini.
"Nyuma una minyororo,
mbele umevaa ndara!"

Gereji. Taa ya mkono. Akapunguza upepo,
tairi zikatanuka kama nyayo za bata;
akafunga vyuma vya mazoezi vya marehemu
(hakuvinyanyua hata siku moja),
kilo kumi huku, kumi kule,
kisha minyororo, pete kwa pete,
vidole vikifa ganzi.

Alfajiri ya Michigan, theluji hadi magotini.
Usukani kushoto.
Kwaruu!
Barafu ikang'atwa. Pua ikageuka.

Akafyeka njia yake, kisha ya Tauno,
akasimamisha lile sanduku.
Bado limeinama kidogo.